Dojiboli: mechi ya mahasimu shuleni imebaki wiki nne, bingwa wa zamani hataki kurudi uwanjani

ChakiNyeupe (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Nahitaji wanaoijua dojiboli kwa undani, ule mchezo wa timu mbili kurushiana mipira, ukipigwa unatoka. Ni madarasa mawili ya watoto wa miaka 12 na 13, mahasimu wa siku nyingi, na wiki nne zijazo wanakutana. Upande mmoja una mtoto aliyekuwa mrushaji bora msimu uliopita, raundi nzima alikuwa anaweza kuimaliza mwenyewe. Sasa hataki. Hagombi wala hanuni, anasema tu "mimi nitashangilia". Wenzake wanambembeleza kutwa, wapinzani wanamtania kwamba kaingia ubaridi.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Mechi yenyewe iandaliwe vipi isiishie kwenye vurugu, na huyu mtoto ashughulikiwe vipi. Akigoma kabisa, timu yake ijipange vipi bila yeye?

---

MpigaFilimbi

Mwalimu, anza na uwanja, mtoto baadaye. Mechi za mahasimu huharibiwa na mistari iliyochorwa kwa kukadiria.

Vipimo vilivyozoeleka Marekani ni futi 60 kwa 30, yaani kama mita 18 kwa 9. Katikati mstari mmoja, halafu kila upande mstari wa kurushia, futi 10 (mita 3) kutoka katikati. Wachezaji sita kwa sita, mipira sita. Urefu huo usiupunguze eti kwa kuwa ni watoto. Uwanja mfupi humfaidisha mwenye mkono mzito tu. Piga hesabu: mpira unaotoka mkononi kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde hukata mita 3 kwa sekunde 0.2, mita 6 kwa 0.4, mita 9 kwa 0.6. Mwili wa binadamu unahitaji kama sekunde 0.2 hadi 0.25 ili tu uanze kusogea. Anayerushiwa kutoka mita 3 hakwepi, anaponea bahati. Sponji hupoteza kasi hewani, sawa, ila usiitegemee ikuokoe.

Kwa hiyo zile mita 3 za kila upande zifanye ukanda wa kuokotea tu. Kuingia ruksa, kurusha ukiwa humo marufuku. Warushaji wa pande mbili wakiwa nyuma ya mistari yao wanatenganishwa na mita 6. Anayeingia kuokota amejisogeza mwenyewe, na hiyo ndiyo hatari anayoipima.

Kuanza: mipira sita ipangwe juu ya mstari wa kati, mitatu kushoto, mitatu kulia. Kila timu ikimbilie mitatu iliyo mkono wake wa kulia TU. Hapo hakuna wawili wanaoukimbilia mpira mmoja na kugongana vichwa. Ukishaokota, urudishe nyuma ya mstari wa kurushia kwanza ndipo urushe.

---

KonaYaUwanja

Na mipira? Kuna watu wanatumia ya wavu.

---

MpigaFilimbi

Ya wavu hapana, ya miguu ndiyo kabisa usiiguse. Hiyo migumu humvunja moyo mdakaji baada ya kuumia kidole gumba mara moja tu. Tafuta ya sponji iliyofunikwa ngozi laini ya mpira, kipenyo sentimita 16 hadi 18, kiganja cha miaka 12 kinaimudu. Kama unayo ile ya mpira yenye upepo, ipunguze mpaka ukibonyeza kwa gumba inazama kama sentimita 2. Na yote sita iwe ya aina moja. Ukichanganya, mmoja mgumu utajulikana na utasakwa na kila mtu.

---

Mkono_wa_Kushoto

Nimsaidie mleta mada upande wa timu bila bingwa, maana naona hapo ndipo penye uhondo.

Timu iliyozoea mkono mmoja ina tatizo ambalo haijaliona bado. Watano wamejifunza kuokota na kumpelekea mmoja. Hawajui kuhesabu mipira, hawajui kurusha kwa pamoja, hawajui hata kusimama. Wapinzani nao wamekaa msimu mzima wakimsoma huyo mmoja, kwamba hurusha chini kushoto, kwamba akishatoa mpira hubaki kaduwaa akiutazama. Hata akirudi leo, wa kwanza kulengwa ni yeye. Kwa hiyo mafunzo ni yale yale, awepo asiwepo.

Hesabu ya mipira kwanza. Mteue mmoja awe mpiga hesabu, kazi yake kupaza sauti "tunayo minne", "tunayo miwili". Mkiwa na minne au zaidi mnashambulia. Mkiwa na miwili au pungufu hakuna kurusha hovyo, mnasubiri wao warushe, mnaokota au mnadaka. Timu nyingi za watoto hufungwa kwa sababu kila anayeokota anarusha papo hapo, akiwa peke yake, kwa mtu anayemwona waziwazi.

Kurusha kwa pamoja: watatu wanachagua mlengwa mmoja, wa kati anahesabu "moja, mbili" na mipira yote inatoka kwenye "tatu". Mmoja alenge magoti, mmoja nyonga ya kulia, mmoja nyonga ya kushoto. Mlengwa akisogea upande wowote anakutana na mpira. Mpira wa nne haurushwi! Unabaki kwa mtu aliyesimama mbele ya hao watatu kwa ajili ya kuwakinga, kwa sababu sekunde inayofuata ndipo wapinzani watajibu.

Nani alengwe? Asiye na mpira mkononi, au aliyetoka kurusha sasa hivi. Aliyetoka kurusha mguu wake wa mbele umebeba uzito wote, hawezi kwenda popote. Hii iko kinyume na hamu ya watoto ya kumlenga mbabe wa upande wa pili, na kwenye mechi ya uhasama hamu hiyo huongezeka mara dufu. Wakanye mapema.

Halafu baada ya kurusha: hatua tatu za kinyumenyume, uso kwa wapinzani. Mtoto anayegeuza mgongo akikimbia kurudi nyuma amejitoa mwenyewe.

---

DakaTu

Nakazia hapo kwa Mkono_wa_Kushoto, ila kasahau silaha kubwa kuliko zote. KUDAKA. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, aliyeurusha anatoka, na katika kanuni nyingi mwenzako wa kwanza kwenye foleni ya waliotoka anarudi. Yaani tofauti ya watu wawili kwa tendo moja. Kumpiga mtu ni tofauti ya mmoja. Timu isiyo na mrushaji mkali iwekeze hapa.

Kusimama: magoti yamekunjwa kidogo, uzito mbele ya nyayo, mikono mbele ya kiuno, viganja vimefunguka. Mpira ukija juu ya kifua, vidole gumba vinakaribiana. Ukija chini ya kiuno, vidole vya mwisho vinakaribiana na viganja vinatazama juu. Ukija tumboni, usiusubiri kwa viganja, ukumbatie: mikono miwili inauzungushia, mgongo unajipinda juu yake na mwili unarudi nyuma pamoja nao.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kunyoosha mikono mbele ikakakamaa kama mbao. Sponji ikigonga kiganja kigumu inaruka, na kama haikudakwa kabla ya kutua, wewe ndiye umetoka. Zoezi lake: wawili wawili, mita 6, mirusho kumi ya taratibu kwa kila mmoja, kisha mita 6 kwa kasi, kisha mita 9 kwa kasi. Anayedondosha zaidi ya mitatu kwenye kumi arudi hatua moja.

Kuhusu kukwepa kwenyewe: hatua moja ya pembeni inatosha mara nyingi. Kuruka juu kunapendeza macho ya watazamaji, lakini ukiwa hewani huwezi kubadili njia, na mrushaji wa pili anakungoja utue. Kujitupa chini vivyo hivyo. Na usiutazame mpira ukiwa bado mkononi mwa mtu, watu hutishia. Tazama bega na kiwiko. Kiwiko kisipopita mbele ya bega, mpira bado haujatoka.

---

Tabibu_Viungo

Kuhusu bingwa. Kabla hamjamhesabu kuwa na woga au maringo, muulizeni kuhusu mkono wake, na mumuulize faragha.

Mtoto wa umri huo bado ana sehemu laini za kukulia kwenye mifupa, na moja ipo juu ya mfupa wa mkono, karibu na bega. Kurusha kwa nguvu mara nyingi bila mapumziko huitesa. Dalili ni maumivu ya bega au sehemu ya juu ya mkono yanayokuja wakati wa kurusha, mwanzoni yanapotea akipumzika, baadaye yanakaa. Kwenye kiwiko ni maumivu ya upande wa ndani. Mtoto aliyekuwa tegemeo la timu huficha kwa sababu anajua akisema ataonekana anatafuta kisingizio. Kusema "nitashangilia" ni njia rahisi kuliko kusema "naumia".

Angalieni: anavaa shati kwa kuanza na mkono upi? Anabeba begi bega lipi? Akiambiwa arushe kitu chepesi anaupitisha mkono chini, bila kuuinua begani? Mojawapo ikionekana, hakuna mazoezi ya kurusha mpaka aonwe na daktari. Tatizo la hiyo sehemu ya kukulia hupumzishwa kwa miezi, kwa hiyo mechi ya wiki nne zijazo haipo kwenye hesabu. Msimpe dawa ya maumivu ili acheze.

Kama mkono ni mzima na mwenyewe anataka, arudi polepole. Wiki ya kwanza mirusho 20 kwa siku, mita 5, nusu ya nguvu, siku tatu tu katika wiki na siku ya kupumzika katikati. Wiki ya pili 30 kwa mita 7. Wiki ya tatu 40 kwa mita 9, na hapo kumi za mwisho ndizo za nguvu. Wiki ya nne punguza urudi 20. Akiumia wakati wa kurusha au akiamka asubuhi na maumivu, rudi hatua ya nyuma. Na mwili upashwe moto kwanza kwa kukimbia taratibu na kuzungusha mabega dakika 8 hadi 10. Mkono haupashwi moto kwa kurusha.

---

Mkono_wa_Kushoto

Naunga mkono hoja ya Tabibu. Na mirusho mingi inayoumiza ni ile mibovu. Anayetumia mkono wa kulia mguu wa kushoto uwe mbele, bega la kushoto limtazame mlengwa, mpira ukae kwenye vidole vilivyotanuka, usizame kiganjani. Nyonga izunguke kwanza, bega lifuate, mkono uwe wa mwisho, kisha uendelee kushuka hadi usawa wa goti la upande wa pili. Ukiona mtoto anatanguliza mguu wa upande ule ule wa mkono anaorushia, huyo anatumia bega peke yake, na ndilo litakaloumia. Kiwiko kikishuka chini ya bega mpira unapaa, na mpira unaopaa ni zawadi kwa DakaTu na wenzake. Lenga magoti hadi nyonga. Huko kudaka ni kugumu na kichwa kiko mbali.

---

Bi_Ratiba

Mnazungumzia mkono, hamjazungumzia kichwa chake. Mtoto anaweza kuwa mzima wa afya na bado asitake, kwa sababu zinazoeleweka. Kwenye mchezo huu bingwa hulengwa na watu sita tangu filimbi ya kwanza, akitoka mapema kelele ya upande wa pili inakuwa kubwa kuliko ya ushindi wenyewe. Timu ikishinda ni kawaida, ikifungwa ni yeye. Wengine wanaogopa kuumiza, hasa aliyewahi kumpiga mwenzake usoni. Na kuna waliorefuka ghafla, mwili umebadilika, shabaha imepotea, hawataki ionekane hadharani.

Mwalimu, mwite peke yake, tena sio siku ya mazoezi. Muulize matatu tu: unaumia popote? Kuna sehemu ya mchezo bado unaipenda? Ungekuwa unapanga wewe, ungejiweka wapi? Usimuulize "kwa nini hutaki", atakupa jibu la kukuridhisha ili umwache aende.

Nafasi zipo zaidi ya kurusha. Anaweza kuwa mwokotaji wa mwanzo, mdakaji wa nyuma, mpiga hesabu, au akafundisha wenzake kusoma mabega. Ajaribu mazoezini, mlango umefungwa, hakuna darasa la pili linalochungulia. Na wale wanaombembeleza kutwa wakatazwe na mwalimu, siyo na yeye.

Akisema hapana baada ya hapo, basi ni hapana. Jina lisibandikwe kwenye orodha ya akiba kwa matumaini.

---

Kauli_Kavu

Nyote mnajenga juu ya mchezo ambao pengine haufai. SHAPE America, chama cha walimu wa elimu ya viungo cha Marekani, kilitoa msimamo mwaka 2017 kwamba dojiboli haifai katika elimu ya viungo shuleni. Hoja yake si ya kipuuzi: mtoto mwenzako ndiye shabaha, na dhaifu ndiye anayetoka mapema, kisha anakaa pembeni akitazama wenye nguvu wakiendelea. Anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayepata machache. Halafu mnaongeza uhasama juu yake!

---

MpigaFilimbi

Hoja ya kukaa pembeni ina uzito, na ina dawa. Raundi ziwe fupi, dakika 3, zichezwe 7. Kila raundi wote wanarudi. Aliyetoka dakika ya kwanza anakosa dakika 2, hakosi kipindi.

Dawa ya pili ni kuazima namna ya Japani, ambako mchezo huu ni wa kawaida kwa watoto wa shule. Wao hutumia mpira mmoja, na aliyepigwa hakai. Anakwenda nje ya mstari nyuma ya wapinzani, anaendelea kurusha kutoka huko, na akimpiga mtu anaweza kurudi ndani. Mbabe mmoja hawezi kutawala kwa urahisi, kwa sababu mpira unazunguka na hatari inatoka mbele na nyuma. Kwa madarasa yenye uhasama mkali ningeanza na huu hata mazoezini.

Na asiyetaka kulengwa asilazimishwe kuingia uwanjani. Hilo ni la watoto wote, si la bingwa peke yake.

---

KonaYaUwanja

Ugomvi wa "nimekupiga", "hukunipiga" mnaumaliza vipi? Hapo ndipo mechi za mahasimu hufia.

---

MpigaFilimbi

Waamuzi wanne, hakuna hata mmoja wa madarasa hayo mawili. Wawili wasimame kwenye ncha za mstari wa kati, wawili kwenye foleni za waliotoka. Foleni isimamiwe kwa jicho kali kuliko uwanja, kwa sababu wizi mkubwa ni mtu wa nne kwenye foleni kurudi kabla ya wa kwanza. Wapange kwa mstari, aliyetangulia kutoka ndiye anayetangulia kurudi.

Kabla ya filimbi wasomee haya mbele ya wote, kwa sababu kila mtaa una kanuni zake na kila upande utadai za kwake:

Nguo ni mwili. Mpira ukigusa shati umetoka.

Mpira uliogonga chini, ukuta au dari umekufa, hautoi mtu.

Kukinga kwa mpira ulio mkononi kunaruhusiwa, lakini pigo likiudondosha mpira huo mkononi mwako, umetoka. Mpira uliorushwa ukigonga wako kisha ukakugusa mwilini, umetoka.

Mpira uliokupiga kisha mwenzako akaudaka kabla haujatua: kanuni zinatofautiana. Napendekeza uokoke wewe, atoke mrushaji. Inawafanya wakae karibu wasaidiane.

Juu ya mabega, anatoka aliyerusha. Isipokuwa mlengwa aliinama mwenyewe akakutana nao, hapo pigo halihesabiki na wote wanaendelea.

Kukanyaga mstari wa kati ni kutoka.

Timu inayoongoza ikishikilia mipira yote sita, sekunde 5 zikipita bila kurusha, mipira inakwenda upande wa pili. Bila kanuni hii wanaoongoza watasimama wakicheka mpaka muda uishe.

Na anayepigwa anyanyue mkono mwenyewe. Anayejificha akabainika, timu yake inapoteza pamoja naye mtu mwingine mmoja. Baada ya tukio la kwanza utashangaa mikono inavyonyanyuka.

---

ChakiNyeupe

Nimeelewa vizuri, nashukuru sana wakuu. Jibu la faragha limepatikana: mkono hauna shida na daktari ameuona. Shida ni kelele za kulengwa. Amekubali kucheza raundi mbili kati ya saba, zaidi ya hapo hapana. Nimwingize zipi?

---

Mkono_wa_Kushoto

Ya kwanza usimweke. Wapinzani watakuwa wamemjia yeye. Ya saba pia hapana, ikifika matokeo yakiwa sawa utakuwa umemrudishia mzigo ule ule alioukimbia.

Mpe ya tatu na ya tano. Ya tatu acheze nyuma kama mdakaji, pembeni, asirushe kabisa. Watamrushia mfululizo kwa uhasama, na kila mpira wa hasira unaokwenda kwa mdakaji mzuri ni mtu wao anayetoka. Ya tano ndipo arushe akiwa mmoja wa wale watatu wa pamoja, mpira wake uende magotini, na mpiga hesabu awe mwingine.

---

Bi_Ratiba

Na hizo raundi mbili zisitangazwe mapema. Majina ya sita yasomwe dakika moja kabla ya kila raundi, kwa timu zote mbili.